Naomba ushauri: nianze Blender (programu ya kompyuta ya kuunda picha za 3D) kwa mwongozo au niuache kwanza?

Wakuu, niko Kondele, Kisumu. Najifundisha Blender kwa laptopu ya mtumba, nia yangu niunde mashua ya wavuvi wa Dunga ikielea ziwani.

Mwongozo rasmi hauna kosa: kitufe cha G kusogeza kitu, R kuzungusha, S kubadili ukubwa. Lakini mbao zikunjwe vipi hadi ziwe mashua? Naona nimepewa kamusi nitunge shairi. Nikakimbilia video, kumbe ni ya kabla ya toleo 2.80 la 2019: zamani ulichagua kitu kwa kubofya kulia, siku hizi kushoto. Jioni nzima ikaisha, na tokeni za stima pia!

Mliotangulia, mlianzia wapi? Na kuna anayefundisha ana kwa ana hapa mjini?