Naomba ushauri: mwanangu kumwoa binti ami yake katika ukoo wenye selimundu

Mama_wa_Sharqiya
Assalaam alaikum ndugu zangu. Naandika kutoka kijiji kimoja cha Sharqiya, Oman, ambako ukoo wa marehemu mume wangu umekaa kwa vizazi vingi. Mimi nilizaliwa Unguja, na ndiyo maana naona wepesi kuwauliza nyinyi jambo ambalo hapa halizungumzwi hadharani.

Shemeji yangu mkubwa anataka mwanangu amwoe binti yake, na vijana wenyewe wameridhiana. Binti huyo ni mzima, lakini kaka yake ni mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na tangu utotoni hulazwa mara kwa mara kwa maumivu makali ya mifupa na kuongezewa damu. Mwanangu amepima akaambiwa kuwa ni mbebaji, yaani hana ugonjwa ila anaweza kuurithisha. Nilipoomba binti naye apimwe kabla ya posa kutangazwa, shemeji alikasirika. Alisema kwamba maradhi yale yalitoka upande wa mkewe, kwamba wazee wetu wameoana hivi tangu zamani, na kwamba kipimo kitafanywa wakati wake, kwa kuwa tangu Januari 2026 serikali imekifanya cha lazima kwa wanaotaka kufunga ndoa. Sitaki kuvunja udugu, wala sitaki kuwaona wajukuu wangu katika hali ya kijana yule. Nifanye nini?

Muuguzi_Mstaafu
Waalaikum salaam, dada yangu, na pole kwa mtihani huu. Shemeji yako aelezwe, kwa upole, kwamba mtoto hapati ugonjwa huu kwa upande mmoja. Anayeugua amerithi kinasaba chenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo shemeji mwenyewe ama ni mbebaji wa selimundu, ama ana kasoro nyingine ya damu, kama vile thalasemia, iliyokutana na ile ya mkewe. Kumbebesha mama peke yake lawama ni kumdhulumu.

Sasa tuje kwa binti. Dada mzima wa mgonjwa ana nafasi mbili katika tatu za kuwa mbebaji. Akiwa hivyo, kila mimba yake na mwanao itakuwa na nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila anaposhika mimba. Nimewasikia wazazi wengi wodini wakiamini kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watasalimika, si kweli. Lakini ikithibitika kwamba binti habebi kasoro yoyote ya namna hii, hakuna mtoto wao atakayeugua selimundu, hata kama baba zao ni ndugu wa tumbo moja. Kumkimbia binti ami bila kupima nako hakutoshi, kwani Oman takriban watu sita katika mia hubeba selimundu na wawili katika mia hubeba thalasemia beta, na mchumba wa kijiji cha mbali anaweza kuwa mmoja wao.

Mwana_wa_Falaj
Mama yangu, mimi ni mwenyeji wa Dakhiliya, huku huku Oman, na wazazi wangu ni watoto wa ndugu wawili. Naomba wazee wasihukumiwe kama watu wasiojali. Ndoa hizi zilihifadhi mitende na zamu za maji ya falaj, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ndani ya ukoo, na mwanamke aliyeolewa kwa ami yake alikuwa na wa kumtetea ndani ya nyumba ileile aliyoolewa. Inafahamika pia kwamba kasoro za kuzaliwa huonekana kwa watoto wawili au watatu katika mia ambao wazazi wao hawana undugu, na kwa watoto wa mabinamu hufika kiasi cha mara mbili. Yaani walio wengi huzaliwa salama. Hata hivyo, ukoo ambao tayari una mgonjwa hauwezi kujifariji kwa hesabu hiyo ya jumla. Mimi ninayeitetea mila nasema binti apimwe kwanza.

Mkaazi_wa_Dammam
Nakuunga mkono hasa katika suala la wakati. Huku Saudia kipimo kimekuwa cha lazima tangu 2004, ila sheria haiwazuii wachumba kuoana baada ya kupata majibu. Mwanzoni, katika wachumba walioonekana kuwa hatarini, hata mmoja katika kumi hakuacha ndoa; kufikia 2009 waliokuwa wakiacha walikuwa kama nusu. Kipimo kinachofanywa wakati mahari imeshatolewa na watu wameshaalikwa huwakuta wazazi wakiogopa aibu kuliko ugonjwa. Msikubali posa itangazwe kabla ya majibu.

Maalim_Pwani
Bibi, Suratul Ahzab, aya ya 50, inawataja mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo miongoni mwa waliohalalishwa. Halali si faradhi, na shemeji yako hawezi kulifanya ombi la kupima kuwa ni kuipinga dini. Waarabu wa kale wenyewe walikuwa wakiusiana waoe mbali ili kizazi kisidhoofike.

Mama_wa_Sharqiya
Mungu awalipe kheri. Maneno ya muuguzi yamenigusa kwa sababu ya mke wa shemeji, ambaye ndiye aliyekesha na mtoto yule miaka yote huku akinyooshewa kidole. Nitazungumza naye kwanza, sisi wawili, kisha nimwombe mjomba wa binti, ambaye shemeji humheshimu, alipeleke neno kwake. Je, binti aombe kipimo gani hasa?

Muuguzi_Mstaafu
Aombe kipimo cha kuchambua aina za himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, pamoja na hesabu kamili ya damu. Kipimo chepesi cha kuonyesha kama kuna selimundu hakitoshi, kwa kuwa hakioni thalasemia, na mbebaji wa thalasemia beta akizaa na mbebaji wa selimundu, mtoto anaweza kuugua vilevile. Binti apokee majibu mwenyewe, faraghani, akiwa na mama yake, kisha yeye na mwanao wakae na mshauri wa vinasaba kabla ya wazee kuketi. Wakikutwa wote ni wabebaji na bado wakataka kuoana, wamuulize mshauri huyo habari za kupima viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, kabla ya kupandikizwa tumboni, njia ambayo ni ghali na ndefu.

Mama_wa_Sharqiya
Nimeelewa. Nitakwenda kwa mke wa shemeji Ijumaa hii baada ya swala ya Alasiri.