Tupeane uzoefu: uchungu uliposhika, nani alisema "twende"? (Mtwara na Lindi)

Ndugu zangu wa kusini, wakubwa shikamooni. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonesha 104. Ni hatua kubwa, namshukuru Mungu. Lakini kila mmoja wetu anamjua mama ambaye hakurudi, na ukifuatilia mara nyingi unakuta nyumbani watu walikuwa wanasubiriana: mume yuko shambani, mjomba hajafika, nauli haijapatikana. Naomba tusimuliane hapo hapo. Nani aliamua, na mlifikaje? Majina ya watu na ya vituo tuyaache.

Newala_Juu: Mimba yangu ya pili ilikuta msimu wa korosho. Kichwa kiliniuma usiku kucha, asubuhi naona ukungu machoni, miguu imevimba hata kandambili haziingii. Mama mkwe akasema ni jua la kuokota korosho. Jirani akataka niitiwe fundi, yaani mganga wa kienyeji. Wifi yangu, Mungu ampe maisha marefu, alikumbuka dalili za hatari tulizofundishwa kliniki. Akatoa kadi yangu kabatini, akaita bodaboda, hakumuuliza mtu. Nesi alipopima presha tu nikaona sura imembadilika. Nikachomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, inauma ile jamani, kisha gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa, nikapasuliwa. Mtoto yuko darasa la pili.

Kaka_wa_Masasi: Yangu ni ya msiba. Dada alijifungua nyumbani kwa bibi mkunga, mtoto akalia vizuri, watu wakapiga vigelegele. Kondo la nyuma halikutoka lote. Damu ikalowesha kanga, wakabadilisha, ikalowesha na nyingine, bibi anasema "iacheni itoke, ni damu chafu". Tulipomfikisha alikuwa baridi mikono yote. Wakatafuta damu ya kumwongezea, haikumuwahi. Mwanamke anaweza kwisha kwa saa chache tu namna ile.
Na hakukimbilia kwa bibi kwa ujinga. Uzazi wa kwanza alitukanwa leba mbele ya wenzake, akaambiwa hana hata glavu, anakuja kufanya nini. Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure. Akaapa harudi. Wanaotukana wajue maneno yao yanafika mbali.

Mwanzisha mada: Pole sana kaka. Hili la lugha ya leba naomba wauguzi waliomo humu walisome mara mbili.

Dereva_Nachingwea: Nimesajiliwa dereva wa jamii kwenye m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Watu hawajui: unapiga 115, bure. Wanauliza mgonjwa ana hali gani na yuko wapi, wanatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali wananipigia mimi. Malipo yangu hayatoki mfukoni mwa mgonjwa.
Masika moja nimefika kijijini, matope hadi mlangoni, mama anauma meno kwa uchungu, wazee wamekaa barazani: hatoki mpaka mjomba wake aje. Nikaomba namba ya mjomba, nikaweka sauti ya juu wote wasikie. Akafoka, "Mnanisubiri nije kuzalisha mimi? Mpelekeni!" Alijifungua salama kituoni. Mpigieni mjomba mapema, mimba ikiwa bado changa, atoe ruhusa yake kabisa.

Songosongo_Kwetu: Sisi wa kisiwani ruhusa ya mume haitoshi, kusi likichafuka boti haitoki. Mimi nilishapasuliwa uzazi wa kwanza, kliniki wakaniambia nisisubiri uchungu. Mume wangu mvuvi alikuwa akirudi anaweka kitu kwenye kibubu, siku njema nikavuka na kwenda kukaa chigonela, nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, pale jirani na hospitali. Uchungu ulianza usiku, nikatembea kwa miguu mpaka leba.

Mama_Kijacho: Dada, chigonela wanatoza? Chakula je? Niko Liwale, mimba ina mwezi wa saba huu, barabara yetu mvua zikianza unaijua.

Songosongo_Kwetu: Kitanda sikulipia. Chakula unajipikia, nilikwenda na unga, dagaa, mkaa na mdogo wangu wa kunisaidia. Uliza kliniki yako chigonela ya karibu iko wapi na taratibu zake, wiki hii hii. Kadi usiiache nyumbani, na mtu wa kuchangia damu umjue kabla.

Mama_Kijacho: Ahsante. Kesho naenda na mume wangu.