Ushauri wakuu: kozi ya wiki tatu Ujerumani, nibebe nini?

MgeniWaKozi: Habari za humu wakuu. Nimepata nafasi ya kozi fupi ya lugha Ujerumani, wiki tatu tu, mwezi Juni. Viza tayari, tiketi tayari. Kinachonisumbua ni mizigo. Kilo 23 zinatosha? Nguo za baridi nibebe? Usingizi sipati kabisa.

KitiChaDirishani: Juni kule ni kiangazi. Koti jepesi la mvua na viatu vya kutembea, basi. Kilo 23 kwa wiki tatu, unahama?

MzeeWaBweni: Mimi nilikwenda na begi moja na kamusi. Nilipanga kwa bibi mmoja mkali, ukichelewa mlango umefungwa, lakini lugha yote nimeitoa jikoni kwake, darasani nilikuwa nasinzia tu. Ninyi mnakwenda kupiga picha. Someni jamani.

NgojaNiulize: Mleta mada, begi halimnyimi mtu usingizi. Kozi inaisha lini na unarudi lini?

MgeniWaKozi: Inaisha tarehe 20 Juni. Narudi 5 Julai, kuna binamu yangu nataka kumsalimia. Viza imeandikwa 1 Juni hadi 6 Julai, kwa hiyo niko ndani.

NgojaNiulize: Kwenye stika, pale penye idadi ya siku za kukaa, pameandikwa ngapi?

MgeniWaKozi: 21. Lakini si kila mtu anajua viza ya Schengen, hii moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni siku 90?

NgojaNiulize: Ndiyo maana hulali. Hizo siku 90 ndani ya kila siku 180 ni kikomo cha juu kabisa, si haki ya kila mwenye viza. Tarehe zinakuonyesha dirisha la kuingia na kutoka. Kwa kawaida huongeza siku 15 hapo, ili ndege ikisogezwa mbele usikwame. Muda wa kukaa ni 21, na siku ya kufika inahesabiwa, ya kuondoka pia. Ukiingia tarehe 1, mwisho wako ni 21 Juni.

MgeniWaKozi: Sawa mkuu, ila tiketi nimeshalipia, na binamu ameshaomba likizo kazini. Wiki mbili tu, nani atazihesabu?

KitiChaDirishani: Mashine. Tangu Oktoba 2025 walianza kuweka mfumo mpya mipakani: alama za vidole, picha, siku ulizokaa zinajihesabu zenyewe. Mambo ya kutegemea muhuri uliofifia yamekwisha.

Pilipili_Hoho: Binamu huyo ana ndevu au anasuka? 😂

MtegaSikio: Wakuu, mnakunywa chai hapa. Ukiomba viza unaonyesha safari ya kwenda na kurudi. Ubalozi gani utoe siku 21 kwa mtu anayerudi Julai? Mleta mada anatunga, na akaunti yake ni ya leo.

Pilipili_Hoho: Mimi nishaongeza sukari.

MgeniWaKozi: Situngi. Niliombea kwa nafasi ya ndege ya tarehe 21 Juni ambayo sikuwa nimeilipia. Viza ilipotoka nikakata ya Julai, ilikuwa nafuu. Akaunti ni mpya kwa sababu ile nyingine wa nyumbani wanaijua.

MtegaSikio: Hapo umejibu. Bado nakutilia shaka.

MamaWaWawili: Mwanangu, hata kama ni hadithi, kuna mwingine anasoma hapa na yake ni kweli. Bima yako inaisha lini? Ya viza hiyo lazima ifike euro 30,000 za matibabu na ifunike siku zote za safari. Kama uliikata ya siku 21, ukivunjika mguu Julai utatibiwa na nani? Binamu?

MgeniWaKozi: Ni ya siku 21. Kubadilisha tarehe ya tiketi kuna faini, mama.

MamaWaWawili: Lipa. Binamu aje akuone wikendi ya katikati ya kozi, treni zipo.

MgeniWaKozi: Nitawapigia wa tiketi kesho. Sijasema nitabadilisha, nitauliza.

KitiChaDirishani: Uliza pia kama tarehe 21 bado kuna nafasi, Juni watu wanasafiri.

Mwanachuo_Mpya: Samahani kuvamia uzi, pawabenki inakaa begi gani?

NgojaNiulize: La mkononi. Kwenye mzigo wa chini ya ndege hairuhusiwi, na isizidi wati-saa 100.