MREJESHO: Mimi na dada yangu na safari ya kufuzu Olimpiki 2028

Assalam aleykum wapendwa. Niliuliza hapa vijana wawili wa Nungwi, Zanzibar, waliokulia kwenye ngalawa wafanyeje kufuzu mashua za tanga Los Angeles 2028. Ahsanteni sana kwa majibu.

Tulifuata kwanza ushauri wa kuchagua daraja la 470. Ni mashua ya mita 4.70, na tangu Paris 2024 inachezwa na mwanamume na mwanamke pamoja, kwa hiyo inatufaa sisi ndugu. 470 yenyewe hatujaipata. Tunafanyia mazoezi mashua ndogo ya kuazima, na hapo ndipo kazi ilipo: ngalawa ina matengo, yale magogo ya pembeni, ya kuishika isipinduke, hii unaishika kwa mwili wako, ukining'inia nje ya ubavu. Dada anashika usukani, mimi naning'inia. Kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, tumekuweza haraka, maana upepo ni uleule wa kusi tuliouzoea. Tanga la puto la kwenda na upepo bado linatushinda.

Aliyesema nafasi hupewa nchi, si mtu, alituokoa sana. Zanzibar kwenye Olimpiki iko chini ya Tanzania, basi tumeandika barua kupitia chama cha mchezo wa mashua. Jibu la fedha za kwenda mashindano ya kufuzu lilikuwa hapana. Lakini wamekubali kututambua kama wachezaji, na bila hilo hata kujiandikisha usingeweza.

Kaka uliyetufundisha mafundo kwa video, Mungu akulipe. Mwenye kujua 470 kuukuu inayouzwa Mombasa au Dar, tafadhali aniandikie.