Naomba ushauri: gari la spoti la zamani linazimika ghafla likishapata moto

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekwama kabisa. Nina gari la spoti la milango miwili, la mwaka 1991, injini ya petroli ya sindano (injection, si kabureta), gia za mkono, na nalipenda sana hili gari sitaki kuliuza.

Tatizo ni hili, asubuhi linawaka fresh tu, natembea kama dakika 40 hivi halafu linazima ghafla bila kukohoa wala kupoteza nguvu, ni kama mtu kazima swichi, na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unadondoka sifuri hapohapo wakati gari bado linaserereka. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri ila haishiki. Nikisubiri nusu saa lipoe linawaka kama hakuna kilichotokea!! Juzi limenizimia katikati ya barabara, nyuma yangu kuna lori, niliogopa kweli.

Geji ya joto haipandi. Nimebadilisha plagi na filta ya mafuta, betri inasoma volti 12.6, injini ikiwaka alternata inatoa volti 14.1. Fundi mmoja anasema pampu ya mafuta, mwingine anasema sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), na mimi kwa huo mshale unavyodondoka naegemea kwenye sensa au moduli ya kuchoma (ignition, inayowezesha cheche za plagi).

Likizima tena barabarani, napimaje haraka kujua kilichokata ni moto wa plagi (cheche) au mafuta? Na kwa dalili hizi mngeanza kubadilisha nini?