Mama anatoka Dodoma kwenda Toronto, masaa ya tiketi yananichanganya, naombeni ushauri

Binti Makole:
Mbukwenyi wakuu. Mama yangu ana miaka 66, hajawahi kupanda ndege hata ya hapa Dom kwenda Dar, sasa dada yangu kajifungua Toronto na mwezi wa saba mama anaenda kumsaidia kulea. Tiketi inasema anatoka Dar 16:30, anabadilisha Addis Ababa, anaondoka hapo 22:30 anafika Toronto 07:30 kesho yake. Mi nahesabu Addis mpaka Toronto masaa 9, aliyenikatia tiketi anasema 16. Nani yuko sahihi? Halafu Dom-Dar nimempangia ndege ya asubuhi siku hiyohiyo, tiketi ya pembeni. Ana presha na miguu inamvimba, basi la kutoka Kongwa tu akishuka ukimbonyeza kifundo kidole kinaacha shimo. Naogopa jamani.

Mzee wa Nkuhungu:
Aliyekukatia yuko sahihi mwanangu. Saa za kwenye tiketi ni za pale ndege ilipo. Addis saa zao sawa na zetu, Toronto mwezi wa saba wako nyuma yetu masaa 7, kwahiyo 07:30 yao huku ni saa 8 na nusu mchana. Toka saa 4 na nusu usiku mpaka hapo ni masaa 16, na ukianzia Dar ni 22 pamoja na kusubiri. Dar-Addis ni kama km 1,760 tu, Addis-Toronto ndo km 11,500 hivi, tena kwenda magharibi upepo wa kule juu unakuja usoni, kurudi huwa fupi kidogo.

kibaigwa_mahindi:
Njia yenyewe nzuri, angepitia Dubai zingefika km 15,000.

Mama Pacha Area D:
Dada hiyo ya asubuhi siku hiyohiyo usifanye, nakuomba. Tiketi mbili tofauti, ya Dom ikichelewa ile kubwa haimsubiri na hela ndo imeenda. Chukueni SGR siku moja kabla, masaa matatu na nusu hivi mko Dar, mama alale anyooshe miguu. Na kiti cha magurudumu omba mapema, hakilipiwi, Addis watamsukuma mpaka mlangoni. Ndani ya ndege asimame atembee kila baada ya muda, anywe maji. Sisi tuliumia na shangazi, tiketi ilisema Alhamisi 00:40, tukampeleka Alhamisi usiku, kumbe ni saa 6 usiku wa kuamkia Alhamisi, ndege ilishaondoka jana yake. Alilia pale nje na mabegi yake mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Binti Makole:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Tunashuka na SGR, nalala nae Dar. Mama kauliza kitu kimoja tu, dawa ya presha anameza saa 2 usiku, huko angani atajuaje?

Mzee wa Nkuhungu:
Mvalishe saa ya mkono ya Dodoma asiibadilishe, na dawa ziwe kwenye mkoba wake, sio begi la chini. Saa 2 siku ya safari atakuwa amekaa Addis anasubiri, ameze hapohapo. Ya kesho yake ndo umuulize daktari wake kabla hajaondoka, maana saa 2 usiku yetu kule ni saa 7 mchana.