Nauli 600 Dodoma: hoja ya kupeleka LATRA iandikweje?

Katibu_Kijiwe: Wakuu, habari za jioni. Umoja wetu wa wamiliki wa daladala hapa Dodoma unataka kuiomba LATRA, mamlaka inayopanga nauli, nauli ipande. Hii 600 ya ruti isiyozidi km 10 ilipangwa Desemba 2023, kutoka 500. Ruti yetu ni km 9, Coaster za siti 26. Wajumbe wengi wanataka 800. Hoja ipangweje isitupwe?

Spana17: Mkuu, 800 mmeitoa wapi? Na wao watauliza hivyo hivyo. Anzeni na gharama ya kilomita. Naweka bei za mfano, ninyi wekeni za risiti zenu. Dizeli: km 6 kwa lita, lita moja kwa shilingi 2,800, inakuja 467 kwa km. Ambatanisheni bei kikomo ya mafuta ya Dodoma kutoka EWURA, mamlaka inayosimamia bei hizo, inatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ya Dar msiiguse, yetu iko juu kwa sababu ya kusafirisha. Tairi 6 za 350,000 kila moja, zikienda km 50,000, ni 42. Servisi ya 180,000 kila km 5,000, ni 36. Kwa hiyo tripu ya upande mmoja inakula kama 4,900, na tripu 14 za siku ni 68,600.

Halafu kuna vya kila siku hata gari likipaki: dereva na konda 40,000, bima, leseni na ushuru 10,000, spea 10,000, uchakavu 30,000 (gari la milioni 45, miaka 5, siku 300 kwa mwaka). Jumla kuu 158,600.

MamaLeja: Sasa mapato. Gari halijai kote kote: asubuhi linashuka mjini limejaa, linarudi na watu wa kuhesabu. Chukua wastani wa asilimia 70 ya siti kwa tripu zote 14, ni abiria 255 kwa siku. Kati yao wanafunzi 40 wa nauli ya 200. Unapata 137,000, pengo 21,600. Kuliziba karibu lote, mtu mzima alipe 700. Hiyo 800 haina miguu.

Ila angalia: mkipandisha hadi 700, watu wazima 21 tu wakihamia bajaji na bodaboda, mnapata 143,800. Bado mna pengo la 14,800. Hoja isiyotaja abiria watakaokimbia inaonekana ya upande mmoja.

Katibu_Kijiwe: Asante dada. Kuna wanaosema uchakavu tuutoe, mbona hakuna anayelipa hiyo hela kila siku?

Spana17: Italipwa siku gia boksi ikifa. Philadelphia, Marekani, shirika la usafiri wa umma la SEPTA lilikuwa na pengo la dola milioni 213 mwaka 2025. Agosti wakapunguza safari, Septemba nauli ikatoka dola 2.50 hadi 2.90, na bado wakaruhusiwa kuchota fungu la miradi na matengenezo ili magari yatembee. Wenzetu wana serikali ya kubembeleza. Mwenye Coaster anayekula hela ya tairi amejikopesha mwenyewe.

Konda_Mstaafu: Kabla ya nauli, kagueni tripu za mchana. Kama tripu moja inakula 4,900, abiria 9 wa 600 ndio wanaoirudisha. Chini ya hapo subirini stendi, pangeni foleni, gari moja liondoke badala ya matatu. Lakini msikatishe ruti, hilo ni kosa la leseni na litawaharibia maombi.

MamaLeja: Na ushahidi: daftari la kila gari, kila tripu, watu wazima na wanafunzi mbalimbali, pamoja na risiti za mafuta. Msichukue Aprili hadi Juni peke yake, Bunge la Bajeti linajaza mji na wastani wenu utaonekana mzuri kupita kiasi. Nakala moja pelekeni LATRA CCC, baraza la watumiaji wa usafiri, maana wao ndio watakaosimama upande wa abiria kwenye mkutano wa maoni, afadhali wazione hesabu zenu mapema.